Mkondo Hauliwi Njiani: Saketi ya Mfululizo kwa Mawe Mawili ya Tochi

Kila mwaka ninaanza vilevile. Jioni, barazani kwangu hapa Busia upande wa Uganda, naweka mezani mawe (betri) mawili ya tochi, balbu mbili zinazofanana na vipande vya waya. Kabla ya kuunganisha chochote nawauliza wanafunzi wa S.3 (kidato cha tatu): mkondo ukitoka kwenye mawe, ukapita balbu ya kwanza, kisha ya pili, ndipo ukarudi, ni balbu ipi itawaka zaidi? Karibu wote huchagua ya kwanza. Wanasema ya kwanza itakula umeme, ya pili ibaki na makombo.

Nafunga swichi, yaani naunganisha njia. Balbu zinawaka sawasawa, na baraza zima linanyamaza.

Nawaandikia wale waliobaki kimya pale, pamoja na mzazi au kaka anayekaa nao usiku kuwasaidia. Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, utakuja kwa Kiingereza, hilo najua, na hesabu mtaziandika kwa Kiingereza. Lakini barazani kwangu wamo Wasamia, Wateso, Waganda, Wajaluo na watoto wa madereva wa malori, na lugha inayotukutanisha sote ni hii ya sokoni na mpakani. Nimewaona wengi wakishika kwa Kiswahili, jioni moja tu, jambo walilokuwa wamelikariri muhula mzima bila kulielewa.

Tafuta kwanza vitu vyenyewe, maana saketi, yaani njia ya umeme inayotoka kwenye mawe na kurudi, haieleweki kwa kuitazama ubaoni. Unahitaji mawe mawili makubwa ya tochi, yale ya volti 1.5 kila moja (Waganda huyaita amanda, yaani makaa, sisi tunasema mawe). Balbu tatu ndogo za tochi zenye alama ya 2.5V. Waya mwembamba wowote, hata wa spika iliyokufa, mradi umemenya ncha zake hadi shaba ing'ae. Kibao, misumari michache, na kipande cha bati la kopo kwa ajili ya swichi. Mawe yafunge pamoja kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Unabana vizuri kuliko selotepu. Kwa fundi redio omba rezista (vijiti vidogo vinavyopunguza mkondo) tatu za omu 100; omu ni kipimo cha ukinzani, yaani ugumu wa njia. Utazitambua kwa mistari yake: kahawia, nyeusi, kahawia, kisha mara nyingi dhahabu pembeni. Mwisho, azima mita ya fundi, ile ya namba inayopima volti na ampea.

Usitumie umeme wa ukutani kwa lolote lililomo humu. Ule ni volti 240 na unaua. Mawe mawili yanatoa volti 3, na volti 3 zinatosha kukufundisha kila kitu.

Sasa unganisha: kichwa cha mawe kwenda kwenye swichi, swichi kwenda balbu ya kwanza, balbu ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kurudi kwenye kitako cha mawe. Pitisha kidole juu ya waya kuanzia kichwani hadi kitakoni. Kama kidole hakikukuta njia panda popote, hiyo ndiyo saketi ya mfululizo. Njia ni moja tu. Kila kilichopita kwenye balbu ya kwanza hakina pengine pa kwenda ila kwenye ya pili. Mengine yote yatakayofuata yanazaliwa na sentensi hiyo, kwa hiyo usiende mbele kabla hujaiona kwa kidole chako.

Kwa nini balbu ya kwanza haili? Hapa nawatoa watoto nje tukaitazame baiskeli. Jina la boda boda lilizaliwa mpakani huku enzi za baiskeli, kabla pikipiki hazijaja, na bado hakuna kitu kinachoeleza mkondo wa umeme kuliko cheni ya baiskeli. Pindua baiskeli ikae juu ya kiti na usukani, zungusha pedeli kwa mkono, uangalie cheni. Hesabu pingili zinazopita kwenye gia ya mbele kwa sekunde moja, kisha zile zinazopita kwenye gia ya nyuma. Ni idadi ileile. Haiwezekani pingili kumi zitoke mbele, nane zifike nyuma. Gurudumu la nyuma linazunguka, linafanya kazi, lakini halili cheni hata pingili moja. Kinachofika kwenye gurudumu ni nguvu ya mkono wako. Cheni ni mpelekaji tu, na inarudi nzima.

Basi mawe ni mkono kwenye pedeli, balbu ni gurudumu, na mkondo ni mwendo wa cheni. Ampea ni hesabu ya pingili zinazopita mahali fulani kwa sekunde.

Usiondoke hapo bado, kuna mawili zaidi kwenye baiskeli hiyo. Mwambie mwenzako abonyeze breki ya nyuma kidogo huku ukiendelea kuzungusha. Cheni inapunguza mwendo wapi? Kila mahali kwa pamoja: nyuma, mbele, hata pale mkononi mwako. Haipungui baada ya breki tu. Ndivyo ilivyo ukiongeza balbu ya tatu kwenye mfululizo: mkondo unapungua katika saketi nzima, hata kwenye waya ulioko kabla ya balbu hiyo. Wengi wanakosa hapa. Wanadhani mawe yanatoa mkondo wa kiasi kilekile siku zote, halafu vilivyo njiani vinagawana. Mawe hayatoi mkondo wa kudumu. Yanasukuma kwa volti zake, na mkondo unakuwa mkubwa au mdogo kulingana na ugumu wa njia yote.

La pili: ukigusa pedeli tu, gurudumu linaanza saa hiyohiyo, halisubiri pingili ya mbele isafiri hadi nyuma, kwa sababu cheni ilikuwa imeshajaa. Waya nao umejaa elektroni tayari. Katika saketi kama yetu elektroni zenyewe zinasogea polepole sana, hata milimita moja kwa sekunde hazifikishi, lakini balbu inawaka papo hapo kwa kuwa zote zinaanza kusogea pamoja.

Turudi mezani. Toa balbu, weka rezista tatu zikifuatana. Nazipendelea rezista katika kupima, maana waya ulio ndani ya balbu ukipata moto ukinzani wake hupanda, na namba zako zitakataa kukubaliana na hesabu. Geuza mita kwenye ampea za umeme wa betri, alama ya mA (miliampea, yaani sehemu ya elfu ya ampea), kipimo cha 200, na uchomeke waya mwekundu kwenye tundu lenye mA. Kisha kata njia mahali pamoja, mita iingie katikati ya pengo hilo. Amita, yaani mita ikiwa kwenye ampea, lazima iwe ndani ya njia, kama mtu anayehesabu pingili anavyolazimika kukaa pale cheni inapopita. Pima kati ya mawe na rezista ya kwanza. Pima kati ya ya kwanza na ya pili. Pima baada ya ya tatu. Utaona karibu miliampea 10 kila mahali. Mawe yakiwa mapya sana inaweza kuzidi kidogo, kwa sababu jiwe jipya hutoa karibu volti 1.6. Usihangaike na desimali. Angalia kwamba namba ni ileile mahali pote patatu.

Kuna kosa moja nilifanya na sitaki ulirudie. Mita yangu ya kwanza niliigusisha moja kwa moja kwenye kichwa na kitako cha jiwe ikiwa bado imewekwa kwenye ampea. Amita ina ukinzani mdogo mno, kwa hiyo ni kama kuunganisha waya mtupu. Fyuzi ndogo ya ndani ilikatika papo hapo, nikakaa wiki nzima bila mita wakati watoto wanakaribia mtihani. Kila unapobadilisha kutoka ampea kwenda volti, simama, angalia kitasa, angalia tundu la waya mwekundu, ndipo uguse.

Sasa volti. Voltimita, yaani mita hiyohiyo ikiwa kwenye volti, haiingii ndani ya njia. Inakaa pembeni, ncha moja kabla ya rezista, nyingine baada yake. Inalinganisha nishati ya pande mbili. Weka mita kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Gusa rezista ya kwanza: karibu volti 1. Ya pili: 1. Ya tatu: 1. Gusa zote tatu kwa pamoja, mwanzo wa ya kwanza na mwisho wa ya tatu: 3. Hapa ndipo kuna kugawana. Mkondo haugawanywi, volti ndizo zinazogawanywa.

Volti moja maana yake ni jouli moja ya nishati kwa kila kulombi ya chaji (chaji ni umeme unaobebwa na elektroni, na kulombi ni kipimo chake). Chukua kila kulombi kama mchuuzi anayetoka nyumbani na shilingi 3,000, akakuta vizuizi vitatu njiani, na kila kizuizi akaacha 1,000. Ukisimama popote njiani, wachuuzi wanaopita kwa dakika ni walewale kwa idadi. Kilichopungua ni pesa mfukoni. Mtoto aliyesema balbu ya kwanza inakula umeme hakukosea kabisa: kuna kitu kinatumika kwenye balbu. Kinachotumika ni nishati. Kosa lake ni kuchanganya wachuuzi na pesa, na nimemwona hata mtu mzima mwenye cheti akiendelea kuvichanganya.

Mfano huu una mpaka wake. Mchuuzi wa kweli anaweza kuamua kuacha kiasi gani, chaji haiamui. Ukiweka upande mmoja rezista moja ya omu 100, na upande wa pili mbili zikifuatana uzihesabu kama moja ya omu 200, voltimita itaonyesha 1 na 2. Kubwa inachukua sehemu kubwa, kwa uwiano uleule wa ukinzani, kwa sababu kupitisha mkondo uleule kwenye njia ngumu zaidi kunahitaji msukumo mkubwa zaidi.

Ukishaona hayo, kanuni inakuja yenyewe, na ndiyo maana sianzi nayo. Georg Ohm, Mjerumani, aliichapisha mwaka 1827. Miaka aliyofanya majaribio yake makuu alikuwa mwalimu wa shule kule Köln, jambo ninalowaambia watoto kila mwaka kwa furaha. Betri za wakati ule zilimsumbua kwa kupanda na kushuka, mpaka akaziacha akatumia umeme unaozaliwa pale metali mbili tofauti zinapounganishwa na maungio yake kuwekwa kwenye joto tofauti. Kwa hiyo mawe yako yakichoka katikati ya kazi na namba zikaanza kuteleza, fungua swichi ukate njia, yapumzike, urudie. Volti ni sawa na mkondo mara ukinzani: V = IR. Katika mfululizo ukinzani unajumlishwa tu: 100 na 100 na 100 ni 300. Volti 3 gawanya kwa omu 300 ni ampea 0.01, ambazo ndizo miliampea 10 ulizozisoma. Toa rezista moja, ubaki na omu 200. Kabla ya kupima, andika daftarini unachotarajia. Ni miliampea 15, na volti 1.5 kwenye kila moja. Kuandika kabla ya kupima ndio utaratibu ninaoulinda kuliko wowote barazani. Asiyeandika hushangaa, akacheka, akasahau. Aliyeandika na akakosea hulala akilifikiria.

Majaribio mawili yaliyobaki hayachukui muda, lakini ndiyo yanayotenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Rudisha balbu tatu. Zitawaka hafifu, maana kila moja inapata karibu volti 1 tu.

La kwanza: chukua kipande cha waya mtupu, kiguse miguu miwili ya balbu ya katikati ukiwa umefunga swichi. Balbu hiyo inazimika, na mbili zilizobaki zinaongeza mwanga. Mkondo umepata njia nyepesi isiyo na ukinzani wowote wa maana, umeiruka balbu ya katikati. Ukinzani wa njia nzima umepungua, mkondo umeongezeka, volti 3 sasa zinagawanywa na wawili. Usifanye hivyo kwa balbu zote kwa pamoja, kwa sababu hapo umeunganisha mawe kwa waya mtupu: yatapata moto na kufa mapema.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Fungua balbu ya katikati uitoe kabisa kwenye holda. Zote zinazimika, hilo kila mtu alitarajia. Njia moja ikikatika hakuna kinachosonga. Sasa chukua voltimita, uguse miguu miwili ya holda tupu. Utasoma ngapi? Barazani karibu wote huandika sifuri: hakuna balbu, hakuna mkondo, hakuna kitu. Mita inasema 3. Gusa balbu ya kwanza: sifuri. Ya tatu: sifuri. Pengo limechukua volti zote.

Kaa na jambo hilo. Mkondo ni sifuri kila mahali, kwa hiyo kwenye balbu nzima V ni sifuri mara ukinzani, ambayo ni sifuri. Lakini msukumo wa mawe haukwenda popote. Volti 3 lazima zijumlike mahali fulani, na mahali palipobaki ni pengo tu. Ni kama kushika breki mpaka gurudumu likagoma kabisa: cheni imesimama, lakini mguu bado unakandamiza pedeli, na mvutano wote umeishia pale palipogoma. Baba yangu alikuwa fundi redio. Namna hii ndivyo alivyotafuta waya uliokatika ndani ya redio ya mawe: hakufungua kila kiungo, aligusa hapa, sifuri, akagusa pale, sifuri, mpaka mita iliporuka, akasema, "Mwanangu, ugonjwa uko hapa." Nilikuwa na miaka tisa. Nilielewa sababu miaka mingi baadaye, darasani.

Kuna ukinzani mwingine ndani ya mfululizo usiouona kwa macho, nao uko ndani ya jiwe lenyewe. Bibi yangu alikuwa akianika mawe ya redio juani, na jioni redio ilisema tena kwa saa moja hivi. Jiwe likizeeka ukinzani wake wa ndani hupanda, na joto huisaidia kemia ya ndani kwa muda mfupi. (Leo siwashauri kuyaanika, jiwe lililochoka huvuja na kuoza sehemu za ndani za redio.) Ndiyo sababu jiwe zee linaweza kuonyesha karibu volti 1.5 likiwa peke yake, halafu ukiweka balbu likazama. Tuseme jiwe lina volti 1.5, ukinzani wa ndani omu 0.5, na umeweka rezista ya omu 2.5. Jumla ni omu 3, mkondo ampea 0.5. Nje unapata 0.5 mara 2.5, yaani volti 1.25. Zile 0.25 zimeishia ndani ya jiwe. Swali la aina hii linapenda kurudi kwenye mitihani, na kosa lake ni lilelile: kusahau kwamba omu 0.5 nayo imo kwenye mstari.

Na mawe yenyewe yakipangwa kichwa kwa kitako, volti zake hujumlishwa. Matatu ni 4.5. Moja likigeuzwa, linapinga wenzake: 1.5 na 1.5 kutoa 1.5, unabaki na 1.5. Tochi yako ikiwa na mawe mapya matatu na bado mwanga ni wa huzuni, angalia hilo kwanza.

Watoto huniuliza kama nyumbani tumefungiwa mfululizo. Taa na soketi hapana. Hizo ziko sambamba, kila moja ina njia yake na inapata volti 240 zake kamili. Ingekuwa mfululizo, ukizima ya jikoni nyumba yote ingelala giza. Lakini swichi iko mfululizo na taa yake, na fyuzi iko mfululizo na kila inachokilinda, ndiyo maana ikikatika yenyewe inaokoa vingine. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, nayo iko mfululizo na nyumba nzima. Yuniti zikiisha usiku, ndani yake njia inafunguka mahali pamoja, na kila kitu kinazimika kwa pamoja. Mtoto mmoja wa mama muuza samaki aliniambia hiyo ndiyo saketi ya mfululizo anayoijua kuliko zote, na nilimpa alama kamili.

Mkikaa kufanya hesabu, fuata mpangilio mmoja. Jumlisha ukinzani wote. Tafuta mkondo mmoja wa saketi nzima. Kisha rudi kwenye kila rezista utafute volti yake kwa mkondo huohuo. Mwisho jumlisha volti hizo. Zisipofika sawa na za betri, umekosea mahali, na umeligundua kabla ya msahihishaji. Jaribu hii: betri ya volti 6, rezista za omu 2, 4 na 6. Jumla 12, mkondo ampea 0.5, volti 1, 2 na 3, jumla 6.

Halafu hili la mwisho, la kalamu na karatasi tu, usiliguse kwa mikono kwa sababu lina volti 240 ndani yake. Balbu mbili za kizamani, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zote za volti 240, zimewekwa mfululizo kwenye umeme wa nyumbani. Ipi inawaka zaidi? Andika jibu lako kwanza. Sasa tafuta ukinzani wa kila moja kwa volti zake za kawaida: 240 mara 240 gawanya kwa 60 ni omu 960, gawanya kwa 100 ni omu 576. Mkondo ni mmoja kwa zote mbili. Kwa hiyo aliye na omu nyingi anachukua volti nyingi, na ya wati 60 ndiyo inayowaka zaidi. Ukinzani halisi utakuwa mdogo kuliko huo kwa kuwa nyuzi zake hazikupata moto wake wa kawaida, lakini mshindi habadiliki. Kama uliandika 100, rudi kwenye rezista zako, weka omu 100 upande mmoja na omu 200 upande mwingine, uguse tena kwa voltimita.